Tulivyoupoteza Uwanja kwa Vicheko

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hiyo ni lugha ya heshima. Mke wangu ana lugha yake. "Wenzangu wameolewa na wanaume," huwaambia mashoga zake, "mimi nimeolewa na kabati." Nimeishi Kihonda zaidi ya miaka ishirini, Milima ya Uluguru naiona kila asubuhi nikipiga mswaki, na kuipanda sijaipanda. Mgeta, huko juu mlimani, naijua kwa kabichi zake tu. Kwa hiyo nilipojiunga na klabu ya kurusha ndege ndogo za rimoti, mtu asidhani nilipata kichaa cha ujana. Nilijiunga kwa sababu uwanja wao ulianzia pale ua wangu unapoishia. Hatua sitini na mbili kutoka mlangoni, kwa kandambili.

Tulikuwa wanaume saba, wote tumefika umri wa kunyoa kipara ili mvi zisituumbue. Ndege tulizichonga wenyewe kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa friji mpya, tukazitia mota na betri, tukazipaka rangi za nchi ambazo hatutafika. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi friji mstaafu, Mnyamwezi mwenye sauti ya mnadani. Mimi nilipewa ukatibu kwa sifa mbili: nina cheti cha kidato cha nne, na sebule yangu iko karibu. Maana yake ndege zote saba zililala kwenye kochi langu, na wageni wakaletewa viti vya plastiki.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika ripoti za ajali. Kanuni yetu ilisema ndege ikianguka, shughuli zote zisimame mpaka katibu aandike jina la mrushaji, mahali na chanzo. Daftari lilijaa, na ukurasa baada ya ukurasa chanzo kilikuwa kimoja: upepo. Kuna siku hata jani la mgomba halikutikisika, ndege ya mwenyekiti ikaingia banda la kuku la jirani. Tukajadili kwa kina, tukaandika: upepo wa ghafla. Kwamba rubani alikuwa anaongea na simu, hilo hatukuliona kuwa la kitaalamu.

Lakini niseme jambo moja kabla sijaendelea kutucheka. Wale sita ndio marafiki niliokuwa nao. Wa kazini waliishia kazini, wa shule sijui walikwenda wapi. Jumamosi asubuhi, kabla upepo wa mlimani haujaanza kushuka, nilitembea hatua zangu sitini na mbili nikawa mtu anayesubiriwa. Halafu saa tano nikarudi ndani, nikawa kabati tena.

Basi siku moja mwenyekiti wa mtaa, Mluguru mmoja mtaratibu asiyepandisha sauti, akaja kubandika tangazo kwenye nguzo ya umeme. Mkutano wa mtaa. Ajenda: ujenzi wa zahanati kwenye kiwanja cha wazi. Kiwanja cha wazi ndicho kile chetu. Miaka yote ile tuliamini kuwa ni chetu kwa sababu hakuna aliyetuuliza.

Nikakaa kitako nikaandika kurasa mbili. Bila kujisifu, zilikuwa kurasa nzuri. Nilikuwa nimekipima kile kiwanja kwa miguu: zahanati ikae upande wa juu kwenye barabara, na kipande cha chini, chenye mtaro, kibaki wazi. Hata ramani nilichora kwa rula. Klabu ilipokutana sebuleni kwangu, nikaanza kusoma. Sikumaliza aya ya kwanza.

"Katibu," mwenyekiti wetu akasema, "hiyo weka mfukoni. Yule mwenyekiti wa mtaa si ni Mluguru? Yule ni mtani wangu. Mtani hakataliwi."

Wote wakaafiki. Na kwa kweli nani asiyeujua utani wa Mnyamwezi na Mluguru? Mtani wako anaweza kuja kwenye msiba wako akalala mbele ya jeneza na kusema maiti haitoki mpaka apewe kitu, na ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Kwa silaha kama hiyo, karatasi ya nini? Nikaikunja mara nne nikaitia mfukoni. Naungama kwamba nilifurahi. Kusimama mbele ya watu si kazi yangu.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya mtaa. Watu walijaa. Mke wangu alikaa mbele na wanawake wenzake, kana kwamba hanijui. Mwenyekiti wa mtaa akaeleza habari ya zahanati, kisha akatupa nafasi. Mwenyekiti wetu, yule fundi, akasimama, akajifuta jasho, akanyoosha kidole.

"We Mluguru! Babu yangu alipopita hapa, babu yako alikimbilia mlimani. Leo mmeshuka, mnajifanya mna ofisi! Mimi kiwanja hiki nimeshakichukua, kwa haki ya utani. Zahanati kajengeni huko huko juu mlikojificha!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa mtaa naye akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema polepole:

"Mtani wangu, babu yako alipita hapa kwa miguu, kweli, na mizigo ya watu kichwani mpaka pwani. Sasa wewe mjukuu umepata ndege, na haibebi hata kitunguu."

Hapo ikawa vurugu. Mama mmoja anayeuza mbogamboga alisimama akauliza, "Kwani hizo ndege zenu zinabeba nini, baba?"

"Hazibebi kitu, mama. Ni za mchezo," fundi akajibu.

"Haa! Mimi nilidhani mnajifunzia kubeba nyanya za Mgeta, maana lori zinatuozeshea. Kumbe mababa wazima mnapeperusha povu la friji?"

Watu walishikana mabega kwa kucheka. Fundi wetu akapiga saluti, akakaa, akaninong'oneza, "Umeona? Tumeshawamaliza." Na sisi sote saba tukaamini. Tulikuwa tunapeana mikono! Ilikuwa haijatupitia akilini kwamba mtu anaweza kukucheka kwa moyo wote na bado asikupe kitu.

"Haya," akasema mwenyekiti wa mtaa, akavaa miwani. "Mtani kasema, tumecheka. Turudi kwenye ajenda. Wanaotaka zahanati kama ilivyopendekezwa, wanyooshe mikono. Katibu wa klabu, wewe msomi, nisaidie kuhesabu."

Nikahesabu. Mkono wa arobaini na tatu ulikuwa na bangili ninazozijua, maana nilizinunua mimi. Haukunyooka kwa aibu; ulinyooka kama mlingoti. Nikauhesabu. Mwenyekiti wa mtaa alipouliza wanaopinga, ilinyooka mikono sita. Wa saba ulikuwa wangu, na ulikuwa umeshika kalamu. Ningeweza kuihamishia mkono wa pili. Karatasi nayo ilikuwa pale pale mfukoni, naihisi pajani kila nikipumua. Nikaandika: wanaopinga, sita.

Muhtasari ulibandikwa wiki iliyofuata. Kuhusu sisi ulikuwa na mstari mmoja: "Hoja ya klabu ya ndege ilipokelewa kwa kicheko kikubwa." Fundi aliusoma mara mbili akasema angalau wamekiri kwamba tulikuwa na hoja.

Mke wangu aliikuta karatasi siku ya kufua. Akaja nayo sebuleni, mikono ina povu la sabuni, akaisoma yote akiwa amesimama kati ya mabawa ya ndege zetu.

"Hii mbona hukuisoma?"

"Mwenyekiti alisema utani utatosha."

"Mimi nimebeba mtoto mwenye homa kutoka hapa mpaka mjini, unajua mara ngapi. Zahanati naitaka. Lakini hiki kipande cha mtaro nani angewanyima? Mimi hapa ningewanyooshea mikono yote miwili."

"Watu walikuwa wanacheka sana."

"Basi kaandike ripoti yako," akasema. "Na usiandike upepo."

Tingatinga lilikuja kabla ya mvua. Fundi akapata shamba lililolala huko Mlali, mwenye shamba akaturuhusu tulitumie mpaka atakapolima. Wenzangu walikuja na pikapu wakaziondoa ndege zao zote kwenye kochi. Jumamosi ya kwanza nikawaambia mgongo unauma. Ya pili nikawaambia kuna mvua, na jua lilikuwa linawaka hadi mbwa wamejificha. Nilikaa kwenye lile kochi, ambalo sasa lilikuwa pana kama kituo cha basi, na hakuna aliyenisubiri popote. Mke wangu alipita na ndoo, hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi ya tatu pikapu ilipiga honi nikiwa nimeshavaa viatu. Njia nzima nilishika mlango kama mtu anayepelekwa kufanyiwa upasuaji. Tulipofika, milima ilikuwa imesogea karibu mno, na ndege yangu ilipanda vizuri kwa muda wa kumeza mate, kisha ikageuka, ikavuka mtaro, ikapiga kichwa kwenye shamba la maharage la bibi mmoja aliyekuwa anapalilia.

Nikavuka kwenda kumfuata, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiki chako?"

"Changu, bibi. Unisamehe."

"Umetoka wapi nacho?"

"Kihonda."

Akanitazama kuanzia kipara hadi miguu. "Kihonda yote hiyo mmekosa pa kukitupa?"

"Pa kutupa palikuwepo," nikasema.

Akanipa bawa moja kati ya mawili yaliyong'oka. La pili, akasema, nitapewa nikishamaliza mstari ule nilioukanyaga, maana mche mmoja mmoja lazima uinuliwe na kupandishiwa udongo. Ng'ambo ya mtaro wenzangu sita walikuwa wameshikilia mbavu kwa kucheka, na fundi anapaza sauti kwamba katibu amepata kazi. Nikakunja suruali, nikapokea jembe.