Mukate wa Chachu ya Kasiksi

Mukate wangu wa kwanza niliupika kijijini Mushaki, nikiwa bibi arusi mupya. Ninyi munaonunua mukate dukani, sikilizeni. Bwana yangu alileta unga wa ngano kutoka shamba la Wazungu, lakini chachu hatukuwa nayo. Nikachota ile inayobaki ndani, chini kabisa ya mutungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikakanda unga pamoja na chumvi, kitunguu na siagi ya ng'ombe.

Mama mukwe, mwenye ule mutungi, akasimama mulangoni.

"Unalewesha unga? Ukiharibika, utapika bugali kama wengine, na mutungi yangu hutaigusa tena."

"Sawa, Mama."

Nikafunika kwa majani ya ndizi, karibu na moto, jinsi tunavyofunika pombe. Nilifunua, nikafunika, nikafunua tena. Kisha majani yenyewe yakaanza kuinuka, na moyo wangu ukapanda nayo.

"Mama, kuja uone. Iko inapanda."

Akaja, akavuta kiti, hakuondoka tena.

Nikautia ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Harufu ya kitunguu ikafika barabarani. Wauza maziwa wakasimama na vibuyu vyao, wakauliza tunapika nini. Nilipofunua, mukate ulikuwa umejaa sufuria.

Mama mukwe akavunja kipande, akatafuna polepole.

"Iko na harufu ya pombe," akasema, na mukono wake ukarudi kuvunja kingine. "Nikikamua ndizi tena, wewe ndio utachota chachu wa kwanza."