Waya Ambao Haukurudi

Mpaka leo nikiukumbuka mradi ule wa pampu za maji taka, mate yananijaa mdomoni. Kinyaa kitupu!

Tulikuwa tunaunganisha pampu za kambi ya wafanyakazi kule Industrial Area, Doha, kambi ambamo mimi mwenyewe nilikuwa naishi. Kila pampu ilikuwa na kifaa cha kuiendesha, na vifaa vyote vilipokea amri kwa waya kutoka ofisini. Swali lilikuwa waya upite vipi. Ukiupitisha kwa mstari, kifaa hadi kifaa, kimoja kikizimika, vyote vilivyo mbele yake vinakuwa viziwi na pampu zao zinasimama. Ukiurudisha waya ofisini ukawa duara, amri inazungukia upande wa pili.

Bosi wetu, Mkenya mwenzangu aliyekaa kwenye nyumba yake Al Wukair, mbali na kambi, alilijua hilo kunishinda. Majumba ya Pearl, kisiwa cha matajiri, aliyachorea duara bila kuombwa na mtu. Kambi akaichorea mstari.

"Bosi, hapa pia turudishe waya," nikamwambia.

"Kurudisha ni kukata barabara, na kukata barabara ni kuomba kibali. Hao wa kambi wamezoea, bwana."

Wamezoea! Ati mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu njaa aliijua. Alianza maisha yake ya Doha kitanda cha juu, kambini, akiumwa na kunguni kama sisi. Alinichefua.

Mstari uliishia nyuma ya chumba chetu. Chumbani nilikaa na Mganda mmoja, askari wa ulinzi wa zamu ya usiku. Alikuwa karibu kwenda likizo, na chini ya kitanda aliweka sanduku lenye gauni jeupe la bintiye, la komunyo ya kwanza. Kila akiamka lazima alitoe aliangalie.

"Si ulivae tu, ssebo!" tukamtania, tukimwita bwana kwa Kiganda chake.

Sasa, walinzi wa geti walikuwa na mazoea ya kuchemsha karaki, ile chai ya maziwa na iliki, kwenye soketi ya kabati la kifaa cha pili. Siku moja mchana wakachomeka birika mbili kwa pamoja. Umeme wa kabati ukakatika, kifaa kikazimika, na kuanzia hapo mbele pampu zote zikasimama. Choo cha kambi nzima kikapanda kwa tundu la bafu letu, kikaingia chumbani, Mganda amelala fofofo.

Nilimkuta amesimama ndani ya uchafu ule, gauni mkononi. Rangi yake usiniulize. Bosi naye akaja, tishu puani, akakomea mlangoni.

"Bosi," Mganda akasema taratibu, akimnyooshea lile gauni, "mtoto wangu avae hili?"

Bosi akarudi nyuma asichafue viatu. Kisha akanigeukia mimi.

"Pearl wako sawa?"

"Wako sawa, bosi," nikamjibu, na kweli walikuwa sawa.