Mkimbiaji Niliyempima Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilifika ofisi ya wilaya mjini Kisii mapema mno, nikaogopa kubisha. Nikalizunguka jengo mara tatu. Afisa Michezo wa Wilaya, aliyewahi kuwa sajini jeshini, alikuwa dirishani akinitazama muda wote huo.

"Bwana Digrii," aliniambia nilipoingia, na jina hilo likaniganda, "hapa tunakimbiza watu, hatukimbizi mawazo. Umeshapata pumzi?"

Nilikuwa msaidizi wake. Afisa msaidizi ndiye aliyepima uwanja, akapiga chokaa, akashika saa, akaandika muda na kutia sahihi. Mzunguko mmoja ulikuwa yadi mia nne na arobaini, na haukupimwa juu ya chokaa yenyewe, bali futi moja nje yake, pale mguu wa mkimbiaji unapokanyaga kweli. Chombo halali kilikuwa mnyororo wa chuma wa mpima ardhi. Lakini wapima ardhi walikuwa wakigawa mashamba kila kilima, hawakuachia mnyororo wao, kwa hiyo sisi tulitumia kamba ya katani ya yadi hamsini.

Nilipangiwa Gesima. Mimi nilizaliwa mjini, katika nyumba ya Waislamu wafanyabiashara, na Ekegusii changu kilikuwa cha sokoni tu. Watu wa Gesima walinisalimu kwa heshima, wakauliza habari za mjini, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Jioni nilikula peke yangu nikisikiliza mvua juu ya bati, nikiyarudia yote niliyosema mchana na kutafuta nilipokosea.

Hapo ndipo nilipomjua Ombati. Alifanya kazi kiwanda cha chai, sehemu ya kunyausha, ambako majani hutandazwa yapoteze maji kabla ya kusagwa. Alikwenda na kurudi kwa mbio, maili nyingi za vilima, kwa sababu hakuwa na baiskeli. Hakuwa ameshindana hata mara moja. Mashindano yetu yote yalikuwa Jumamosi, naye alikuwa Msabato.

"Jumamosi ni ya Mungu, bwana afisa," aliniambia. "Jumapili ni yako, ukiitaka."

Nikaitaka. Nilipima uwanja Jumapili asubuhi kwenye manyunyu, nikapiga vigingi, akakimbia maili tatu, sisi wawili tu. Alipomaliza niliitazama saa, nikaitikisa, nikaitazama tena. Muda ule ulikuwa chini ya rekodi ya dunia niliyoikata gazetini.

Afisa Michezo alisoma ripoti yangu akiwa amesimama. "Mchujo wa mkoa ni Jumatano ya mwisho wa mwezi. Jumatano Wasabato hukimbia?"

"Hukimbia, mzee."

"Basi jina lake linakwenda. Sahihi ni yako, Bwana Digrii. Shingo pia ni yako."

Maneno hayo yalininyima raha. Jumatano ya wiki ile ile, jua kali likiwaka, nilirudi uwanjani na kamba ile ile. Vigingi havikukubaliana nayo. Nilimsihi mpima ardhi aliyekuwa jirani aniazime mnyororo, na mnyororo ukasema kweli: kila mzunguko ulipungua zaidi ya yadi kumi na tano. Kamba ya katani ikilowa hufupika. Kila mtu wa Gesima aliyewahi kufunga ng'ombe wakati wa mvua alilijua hilo. Mwenye digrii hakulijua.

Siku hiyo hiyo niliandika barua kwamba naufuta muda ule wote, nikampa dereva wa lori la majani chai aipeleke mjini. Jibu lilirudi kesho yake, mstari mmoja: mkimbiaji ameondolewa.

Nilimngoja Ombati langoni pa kiwanda, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kamba ilifupika," alisema. "Na miguu yangu, nayo ilifupika?"

"Hapana, lakini muda ule si halali."

"Basi nipime tena. Hata sasa hivi, nimemaliza zamu."

"Ni lazima kwanza niombe kibali cha ofisi."

"Kibali cha kunitazama nikikimbia?" Wenzake waliokuwa wakitoka walicheka. Mmoja alimwambia jambo kwa Ekegusii, naye akamjibu, "Yaya, yaya," yaani hapana. Kisha akanigeukia. "Jumapili nitakuja uwanjani, bwana afisa. Kutoka hapo hadi mchujo, siku kumi bado zipo."

Jumapili hiyo nilikaa mezani. Nilipiga hesabu upya, nikirefusha kila mzunguko kama mnyororo ulivyosema. Rekodi ya dunia ilitoweka, ndiyo, lakini muda mpya ulimtosha kabisa kuingia mchujo wa mkoa. Nilipaswa kusimama na kwenda. Badala yake nikawaza: akishindwa leo, nitakuwa nimemuumiza mara mbili, akifaulu, nani ataiamini tena sahihi yangu? Nikaanza barua ya kuomba kibali. Nikaichana. Nikaanza nyingine.

Mama mwenye nyumba alipita mlangoni na mzigo wa kuni. "Mwanangu, yule kijana wa Sabato anazunguka uwanja peke yake. Kwani hakuna wa kumhesabia?"

"Namalizia barua, mama."

Kibali hakikuja. Kilichokuja, kabla ya Jumatano ile ya mchujo, ni uhamisho wangu kwenda Marani, na Marani nikamkuta afisa mwingine, na baada yake mwingine mjini, mpaka miaka ya sabini ikaisha nami nikiwa nyuma ya meza. Nilipima viwanja vingi, vyote kwa mnyororo. Ombati aliendelea kunyausha chai. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba aliwahi kukimbia.

Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana huniuliza kama mtu wa kawaida, asiye na kocha wala viatu, anaweza kuwa bingwa wa dunia. Sijui. Palikuwa na mtu mmoja aliyelipwa mshahara ili ajue, na mtu huyo, siku ilipofika, alibaki chumbani akiandika barua.