Sombe ya Mama Mkwe

Kwetu, kota za polisi pale Ntinda, chakula kikiharibika unaambiwa kimeharibika. Baba, askari mtu wa kaskazini, alikuwa akionja mboga, anasukuma sahani, anauliza, "Chumvi yote hii ya nani?" Tunacheka, tunakula. Kwa hiyo nilipoanza kwenda Kasubi kwa mama wa mchumba wangu, mama wa Kikongomani anayeuza vitenge, ule upole wake ulinitesa jamani.

Siku ya kwanza nilimpikia sombe, yale majani ya muhogo wanayoyapenda. Nikaitilia simsim, ule ufuta wa kusaga, kama tunavyounga mboga kwetu. Nilijiona fundi. Mama akaonja. Akaniongezea samaki kwenye sahani kwanza, ndipo akasema, "Unisamehe, binti ya watu, sisemi kwa ubaya. Labda ulimi wangu ndio umezeeka."

Ulimi umezeeka? Nilirudi nyumbani sina raha. Nilimtaka yule kijana, na bila baraka ya mama yake hakuna ndoa. Mwenyewe alishaniambia hivyo. Nikamuuliza kama mama yake ananichukia. Akacheka, mjinga yule.

"Mama hamsemi mgeni," akanijibu. "Sisi watoto wake anatusema mpaka majirani wanatuonea huruma."

Niliporudi Kasubi nikazidisha simsim, eti ndiyo itakayomlainisha. Mama akaonja. Mkono ukaenda tena kwenye bakuli la samaki, nami nikajua kinachokuja.

"Unisamehe, binti ya watu…"

Hasira zikanipanda. Mdomo uliponza kichwa, najua, lakini ningefanyaje? Nikapiga magoti kwanza, nisije nikaonekana sina adabu, nikamkatiza. "Mama, nakuomba, niambie tu. Sombe hii ni mbaya?"

Akanitazama. Akamrudisha samaki bakulini.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana. Nani alikufundisha kutia simsim kwenye sombe? Hata mbuzi ataikataa." Kisha akacheka mpaka kitenge kikamfunguka kiunoni, nami nikacheka naye huku machozi yananitoka. Sijawahi kusemwa nikafurahi namna ile.

Akajifunga kitenge upya, akatoa kinu, akamwita mwanawe aliyekuwa uani.

"Njoo utwange majani," akamwambia. "Mke wako hajui kupika."