Pikapu Iliyokataa Kuinama

Harufu ya ndizi mbichi ikichanganyika na dizeli, mimi nageuza uso. Wenzangu sokoni hunicheka, wanasema nina mimba kila msimu. Wacheke tu. Leo nawaambia ninyi, maana wao sijawahi kuwaambia.

Babu yangu mzaa baba alinunua pikapu miaka ile biashara ilipofunguliwa. Ushirika ulikuwa unajifia taratibu, na yeyote mwenye gari aliruhusiwa kununua ndizi kwetu Masukulu akaziuze apendako. Ilikuwa mtumba, nyeupe, viti vyake vikinuka tumbaku ya watu tusiowajua. Baba ndiye aliyeendesha. Babu alikaa dirishani, fimbo katikati ya magoti, na mimi mjukuu nilibanwa katikati yao. Mama alipanda nyuma, juu ya mikungu.

Msishangae. Kwetu Wanyakyusa, mkwe na baba mkwe hawaonani. Mama akisikia kikohozi cha babu njiani aliacha barabara, akaingia migombani na kuchuchumaa, kanga usoni, mpaka mzee apite. Hawakuwahi kusemezana hata siku moja. Likiwepo neno, nililibeba mimi, kutoka jikoni hadi barazani na kurudi. Kwa hiyo mama alizoea kutembea akitazama chini, na ya chini aliyajua yote: nyayo za nani zimepita, ng'ombe wa nani kachechemea.

Pikapu ile ilikuwa na kasoro moja, kama ni kasoro. Ikiwa tupu, nyuma ilinyanyuka na pua ikashuka. Ndivyo yalivyoundwa magari ya mizigo, yakipakiwa yanakaa sawa. Lakini Jumapili ilikwenda kanisani tupu, na siku moja baada ya ibada mzee mwenzake babu akaizunguka, akapiga makofi. "Mwe! Gari lako lina adabu, linatuinamia kama mkwe!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Babu naye alicheka, ila nyumbani hakugusa chakula.

Kesho yake tukawa Tukuyu kwa fundi. Babu alisema neno moja tu: "Inyanyue." Fundi, kijana mcheshi mwenye suruali iliyokakamaa kwa grisi, aliongeza springi mbele kila upande, na pikapu ikasimama wima kama askari. Babu aliizunguka akitabasamu. Fundi akamwambia, "Mzee, pua imepanda, lakini ekseli ya mbele bado haijatulia. Bolti zinazoishika kwenye springi zitalegea zikishaonja mzigo. Mniletee nizikaze, halafu mkapime magurudumu Mbeya." Babu akaitika ndiyo, ndiyo, huku anapanda. Jicho lake lilishamwambia gari liko sawa, na ndizi zilikuwa zinangoja.

Haukupita muda, nikaanza kuona baba akishika usukani kombo ili gari liende moja kwa moja. Akiuachia kidogo, pikapu ilivuta kushoto. Babu alitazama mbele tu.

Mama ndiye aliyesema. Asubuhi moja baada ya mvua alinishika mkono, tukachuchumaa kwenye tope la barabara. "Tazama," akaniambia. "Zamani gurudumu la nyuma lilikanyaga alama ya la mbele. Sasa kila moja lina njia yake. Gari hili linakwenda ubavu." Alimweleza baba. Baba akajikuna shingo. "Nikamwambie mzee nini? Kwamba mke wangu ndiye aliyeona?" Basi, nikatumwa mimi.

Babu alikuwa barazani anakunywa chai. Nilipiga magoti, nikasema yote kama nilivyopewa: alama, tope, ubavu. Akaniuliza, "Nani kakutuma?" Nikasema mama. Aliweka kikombe chini polepole.

"Gwe mwana," akasema, "kamwambie mama yako, macho yake ni ya kutazamia mboga."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ndugu zangu. Labda kabla ya hapo angeenda kwa fundi siku yoyote, kwa hiari yake. Sasa kwenda kungekuwa kumtii mkwe. Naandika haya hasira zikinipanda upya, na yeye yumo kaburini miaka mingi.

Siku chache baadaye tulitoka na mzigo uliojaa, barabara imelowa, mashamba ya chai ya kijani kibichi huku na huku. Kwenye mteremko kabla ya kijito baba alikanyaga breki. Pikapu ilivuta kushoto kama mbuzi anayekataa kamba. Baba alizungusha usukani wote kulia, haikusaidia. Tukaingia mtaroni, gari likalala ubavu.

Baba alibaki kwenye usukani, kifua kimebanwa, anahema kwa shida. Babu alitokea kwenye kioo cha mbele kilichovunjika, mzima, hata kofia hakuipoteza. Akanivuta nikatoka. Na pale topeni alikuwa mama, mikungu imemlalia miguu, goti moja limetazama kusikokuwa kwake. Hakulia. Alikuwa anapapasa kanga yake kwenye tope. Nilidhani anataka kufunga damu. Alipoipata akajifunika uso, ili baba mkwe wake asimwone.

Na babu? Babu aligeuka, akampa mgongo. "Gwe mwana, kimbia kaite watu!" Nilimsihi, nikamvuta koti. "Babu, tumnyanyulie mkungu mmoja tu!" Alisimama vilevile, fimbo mkononi, anatazama chai. Nikakimbia kuwafuata wachumaji wa chai huku nalia, na nilipogeuka niliwaona wote wawili: mmoja amefunika uso, mwingine amegeuza mgongo.

Jumapili iliyofuata babu alipongezwa kanisani. Eti hata kwenye ajali mzee hakuvunja heshima! Wazee walimshika mkono mmoja mmoja, akawa anashukuru, "Ndaga, ndaga." Na wiki ileile pikapu ilivutwa hadi Mbeya. Ekseli ikarudishwa mahali pake, bolti zikakazwa, magurudumu yakapimwa. Ilirudi inakwenda sawasawa kabisa, gurudumu la nyuma juu ya alama ya la mbele. Mguu wa mama uliungwa nyumbani kwa vijiti na majani, ukapona mfupi, kidole gumba kikitazama nje. Hakuna aliyewaza kumpeleka Mbeya.

Nikiwa mtoto niliamini babu aliogopa damu, kwa hiyo nikamhurumia. Mpaka nilipoolewa, siku ya kwanza niliposikia kikohozi cha baba mkwe wangu nikajikuta tayari nimo migombani, kanga usoni, ndipo nilipoelewa kwa nini mama aliipapasa kanga ile topeni. Nililia pale migombani mpaka wakadhani nimeumwa na nyoka.

Jioni moja baada ya ajali tulikuwa barabarani, mama na mimi. Babu akakohoa kwenye kona. Mama alianza kuelekea migombani, akiburuta ule mguu, na safari hii hakuwahi. Babu alilazimika kusimama akatazama pembeni, akingoja. Usiku ule nilimsikia akimlalamikia baba.

"Mkeo siku hizi anachelewa kunipisha."

Baba akamwambia, "Nitamwambia, baba."