Gari Lililopoa kwa Honi

Kijana aliyemposa binti yangu alisema ataleta gari la jipu, jeupe, kutoka kwao Beni kuja kumchukua kwetu Butembo siku ya harusi. Nilikataa kabla hajamaliza kusema. Nilimlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, nikampeleka shule kwa gari langu hili hili, basi na kanisani huko Beni ningempeleka mimi. Niliyasema hayo mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwa sauti kubwa kama kawaida yangu, na sasa sikuwa na pa kurudi.

Tatizo lilikuwa joto. Baridi ya Butembo ilificha maradhi ya gari langu kwa miaka, lakini likishuka kuelekea Beni, injini inachemka. Fundi umeme wangu wa mtaa wa Mususa akatoa feni dhaifu ya rejeta, akaweka feni ya jipu kubwa lililokufa, dude lenye mapanga mapana kama sahani. Akaiunganisha kwa waya mwembamba, moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Tulipowasha, feni ilivuma vizuri ajabu, kisha waya ukayeyuka na moshi ukatoka chini ya usukani. Nikamtukana. Naye akanitukana, ndiyo maana tunapatana.

"Hii ventilateur inakula courant mingi," akasema, akiigonga feni. "Inaomba relais. Na ku hii motokari relais ya muzuri iko moja tu, ile ya klaxon. Tutoe klaxon."

"Arusi gani haina klaxon? Mimi hapana kubali!" nikafoka, nikiikinga honi kwa mkono.

Akakuna kichwa, kisha akafanya jambo ambalo nadhani lisingewezekana nje ya Mususa: akaunganisha vyote viwili kwenye relais hiyo moja, yaani swichi ya kubeba umeme mwingi. Ukibonyeza honi, honi inalia na feni inazunguka. Ukiachia, vyote kimya.

"Tutatafuta ingine nyuma ya arusi," akasema. "Kesho, si utapiga klaxon njia yote?"

Kusema kweli, nilimshukuru.

Asubuhi mimi na binti yangu tukatoka huku nikipiga honi, watu wakitupungia mikono na akina mama wakipiga vigelegele. Nikajiona mfalme. Lakini tulipouacha mji nyuma, nilikuwa bado napiga. Nilipigia mbuzi, nikapigia mashamba ya mihogo, nikapigia mlima. Magari ya jamaa zetu yalichoka na kelele zangu, yakatangulia. Kwenye kizuizi askari akaja ameziba sikio.

"Papa, barrière iko mbele yako. Unapigia nani klaxon?"

"Moteur," nikajibu, nikiionyesha injini. "Iko inasikia joto."

Akanitazama, akamtazama bibi harusi katika shela lake, akakimbilia kuinua mti wa kizuizi. "Leka, papa, leka noki!" Yaani nipite, tena upesi.

Basi tukafika Bungulu, ndani ya Beni. Kanisa lilikuwa karibu kabisa, ila barabarani palikuwa na matawi ya michikichi, na pembeni mabenchi ya wanaume na wanawake walioketi chini. Palikuwa na kilio. Kwetu mahali pa kilio unapita polepole, huna muziki, huna honi, hata uwe nani. Mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho. Mkono wangu ukaenda kwenye honi, binti yangu akaudaka.

"Hapana, papa. Beko mu kilio."

"Moteur itakufa!"

"Ikufe."

Mvuke ukaruka. Nikazima injini, na gari likasimama mbele ya wafiwa hasa. Nilinong'ona maneno yasiyomfaa mzee wa kanisa kama mimi. Akilini nililiona lile jipu jeupe likija kutuokoa, na nilikuwa na hasira ya kutosha kulia. Mama mmoja mzee, kitambaa cha msiba kiunoni, akaja dirishani.

"Munaenda wapi na bibi arusi?"

"Ku kanisa, mama, pale mbele. Moteur imechemuka. Mutusamehe."

"Tulisikia klaxon yenu mbali. Mulinyamaza juu ya kilio yetu?"

Binti yangu akatikisa kichwa kukubali. Yule mama akageuka, akaita. Wanaume wakainuka kwenye mabenchi wakaanza kusukuma, wanawake wakafuata nyuma. Hakuna aliyeimba. Nilishika usukani, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani nikamsikia mwanangu akipumua.

Mbele ya kanisa, mama wa bwana harusi alishangaa kuona bibi harusi akiletwa na watu wa msiba.

"Hawa ni ba nani?"

"Ni ba kwetu, mama," binti yangu akajibu, akateremka kutoka gari la baba yake.

Mimi mwenye sauti kubwa nikainamisha kichwa kwenye usukani nilie. Honi ikalia, feni ikavuma, na wafiwa ndio waliokuwa wa kwanza kucheka.