Poda ya Shangazi Kwenye Injini

Usiku ule nililala na oili kwenye kucha, nimeshakubali kushindwa. Asubuhi dalali alikuwa anakuja kulichukua gari langu, kijigari cha kubebea mayai, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu bado inaniuma. Tulikubaliana kwa mdomo tu. Hela sikupokea, maana mimi sipokei hela jioni. Macho yakichoka huwa yanahesabu kwa kumpendelea mwenzako.

Lililoniuzisha gari ni tone. Chini, pale injini inapokutana na giaboksi, oili ilikuwa inadondoka, na kila asubuhi kipande cha boksi nilichotandika kilikuwa na doa jipya la ukubwa wa sahani. Oili nabadilisha mwenyewe miaka yote. Natandika khanga kuukuu, naingia chini na spana, nafungua nati, naacha ile nyeusi ishuke kwenye karai. Nafunga filta mpya kwa mkono, namimina oili mpya, napima kwa kijiti, nafuta, napima tena. Majirani zangu wa Kihonda wameshazoea kuona miguu ya mwanamke imechomoza chini ya gari. Basi nati nilishaikagua, kavu. Filta, kavu. Nikamwita fundi. Akaingia chini, akatoka, akajifuta mikono kwa upole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Dada Rehema, hiyo ni sili ya nyuma. Lazima giaboksi ishuke."

Sili ni kampira tu ka kuzuia oili, lakini gharama ya kushusha giaboksi ili kukafikia ilizidi thamani ya gari lenyewe. Nilipiga hesabu mara mbili, nikiomba ile ya kwanza iwe nimekosea. Haikuwa. Na bila gari biashara imekwisha, kwa sababu mayai ukiyapakia kwenye toroli kwa barabara yetu ile, mteja unampelekea kimanda.

Nikalala. Ndipo akaja Shangazi Mwanahawa.

Huyu ni dada wa baba, ndiye aliyenilea, na amefariki, Mungu amrehemu. Maisha yake yote hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Soko lilimjua kwa mambo mawili: shingo yake nyeupe kwa poda mpaka kifuani, na namna alivyokuwa akipunguza bei hadi muuzaji anamwomba radhi. Nilimkuta amekaa kiti cha dereva, ndani ya gari langu, amefunga mkanda.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hili unampa nani?"

"Dalali."

"Kwa ngapi?"

Nikamtajia. Akacheka mpaka honi ikalia yenyewe.

"Mwanangu, kwa bei hiyo hata mimi ningelinunua, na mimi nimekufa."

Nikataka kumweleza habari ya sili. Nikafungua boneti aone mwenyewe, na chini ya boneti hakuna injini. Kuna chumba chetu cha zamani, kile cha bati kuukuu, na mvua inanyesha. Mimi ni mtoto, na papo hapo ni mtu mzima mwenye madeni. Sakafu imejaa mabeseni na masufuria. Maji yanadondoka kitandani, nami nasukuma beseni, yanajaa, namwaga, narudisha. Shangazi amesimama mlangoni, miguu yake mikavu kabisa.

"Beseni umeweka wapi?"

"Panapodondoka."

"Na tundu liko wapi?"

"Si hapo hapo juu yake."

Ananishika kidevu, kama alivyokuwa akifanya akitaka kuniosha masikio, anauinua uso wangu polepole. Juu ya kitanda bati ni zima. Maji yanaingia kule mbali, karibu na mlango, kwenye msumari uliolegea. Yanaushika mti wa paa, yanatembea nao taratibu kama mgeni anayeijua njia, yanakata kona, ndipo yanaangukia kitanda changu.

"Kitanda kina kosa gani?" ananiuliza.

Mvua sasa ni nyeusi. Ni oili. Ule mti wa paa ni chuma, una joto la kiganja, na tumesimama juu ya injini, mimi na yeye, kama wanawake wawili waliopanda juu ya paa kuanika mpunga. Anainama, anapitisha kidole kwenye masizi ya nyuma, mahali ambapo mkono wangu haujawahi kufika. Ananionyesha kile kidole. Naona aibu kama mtoto aliyekutwa hajaoga.

"Kila siku unaliosha miguu," anasema. "Uso je?"

Anaingiza mkono kifuani, anatoa kopo lake la poda. Analipiga kitakoni, tap, tap, na poda inakiangukia chuma. Anaipaka kwa kiganja, juu, nyuma, mbavuni, vile vile alivyokuwa akinipaka mimi baada ya kuniogesha. Injini inatulia. Naapa, inatulia.

"Liwashe, ungoje. Anza kuangalia juu. Poda ikilowa, utaona jasho linatokea wapi."

Sasa mimi nimelelewa na yule yule mwanamke. Najua hakuna cha bure.

"Unataka nini, Shangazi?"

"Dua. Na watoto wa jirani uwape mayai, kwa jina langu. Trei mbili."

"Moja."

"Mbili. Na usiwape yaliyopasuka."

"Moja na nusu, Shangazi, hali ngumu."

Ananitazama. Anakaza khanga yake kiunoni, anageuka, anaondoka. Hii naijua. Ndiyo silaha yake. Anaondoka dukani bila kugeuka, hatua chache tu, muuzaji anamwita kwa kelele, naye anarudi amebana kicheko.

"Shangazi, njoo! Chukua mbili!"

Anakwenda.

"Njoo tuelewane! Chukua tatu!"

Hageuki. Nimesimama juu ya injini na mikono mitupu, napaza bei sokoni ambako mteja ni mmoja tu. Khanga inapotea, mwili unapotea, kinabaki kile cheupe cha shingo, halafu nacho kinakwenda.

Nikaamka kwa adhana ya alfajiri. Uso ulikuwa umelowa, na hapo sikuhitaji kutafuta panapovuja.

Nikasali, nikamwombea. Kisha nikabeba trei tatu, nikayageuza mayai moja moja kuhakikisha ni mazima, nikaenda kwa jirani, mama mwenye watoto wengi na mmoja mchanga.

"Trei zote hizi za nini, Rehema?"

"Za Shangazi. Nilitaja bei ya mwisho mwenyewe. Na naomba poda ya mtoto."

"Kwani una mtoto?"

"Ninaye. Wa chuma."

Alinitazama vile watu wanavyotazama mtu aliyefiwa, akanipa kopo zima.

Nilisugua injini kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu, hasa kule nyuma. Nikafuta hadi kitambaa kikatoka kikavu. Nikapaka poda kuanzia juu kushuka mpaka kule chini kwenye maungio ya giaboksi. Nikaliwasha gari, nikakaa juu ya ndoo. Injini inanguruma, poda nyeupe, hakuna kitu. Nikaanza kuzihesabu zile trei tatu kama hasara.

Dalali akafika na pikipiki yake, akachungulia.

"Dada, mbona injini inanukia mtoto mchanga?"

"Nyamaza kwanza."

Kwa sababu wakati ule ule, juu kabisa, chini ya ukingo wa kava linalofunika injini, poda ilikuwa imebadilika rangi. Alama ndogo kama ya kalamu. Ikawa mstari. Mstari ukashuka mgongoni mwa injini, polepole, ukakata kona, ukafika kwenye maungio ya giaboksi, ukadondoka. Pembeni yake poda ilibaki nyeupe. Sili ya nyuma ilikuwa nzima. Ilikuwa gasketi tu ya kava la juu, ule utepe wa kuziba ukingo wake, kitu unachobadilisha kwa spana umekaa umenyooka, bila kulala chini ya gari.

Dalali si mjinga. Aliuona mstari kama nilivyouona, akaongeza bei hapo hapo, halafu akaongeza tena kabla sijajibu.

"Umekuja na pikipiki, siyo?" nikamuuliza.

"Eeh."

"Basi nifanyie hisani. Kanunue gasketi ya kava la juu la gari hili. Na upunguze bei, usiwaonyeshe una haraka."

Alisimama, ananiangalia, anaiangalia injini iliyopakwa poda, akaguna, akacheka mwenyewe. Akavaa kofia yake, akaenda.

Nikajimiminia chai, akarudi haijapoa, na bei aliyoipata mimi nisingeipata.